Paka Ndani, Mbwa Nje

Mtoto wa pwani anayepelekwa madrasa hukutana na paka na mbwa kwenye mlango wa maji. Kabla hajafika kwenye sala, saumu wala zaka, hufundishwa twahara, na humo ndimo viumbe hawa wawili wanapoachana njia. Safina, kitabu kidogo cha fikihi ya Kishafii ambacho vizazi vya wanafunzi wa Lamu, Mombasa na Unguja vimekidurusu, kinaiweka najisi ya mbwa pamoja na ya nguruwe katika daraja la juu kabisa. Chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka hayumo. Imepokewa kwamba sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa akatosheka, na Kabsha, mkaza mwanawe, alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani.

Hukumu hizo mbili zimepanga maisha ya mitaa yetu kwa karne nyingi. Paka hulala barazani, hupita mbele ya wanaosali bila kufukuzwa, huketi chini ya meza ya muuza samaki akingoja matumbo na mapezi. Mbwa koko yuko jalalani na ufukweni, hutembea usiku, na mchana watoto humrushia mawe bila mtu mzima kuwakemea. Ukienda bara mambo hugeuka: mbwa ndiye mwenye jina na kazi, na paka ndiye anayetiliwa shaka, aingie kukamata panya kisha atoke. Ukifika London unawakuta wote wawili kwenye kochi.

Mara nyingi tunalinganisha mila hizi kwa kupima mapenzi, nani anampenda mnyama kuliko nani. Kipimo hicho hakinitoshi, maana apendaye leo kesho huchoka. Ninachotafuta hapa ni haki: kila mila imeamua mnyama anatudai nini, na nani atawajibika asipopewa. Kwa kipimo hicho, pwani yetu ina hazina isiyoitumia, na ina deni kubwa kwa mbwa.

Tuanze na paka, kwa kuwa ndiye tuliyemtendea vizuri zaidi. Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, unajulikana kwa paka wake wembamba, wenye miguu mirefu na masikio makubwa. Wenyeji na wageni hupenda kuwafananisha na sanamu za paka wa Misri ya kale. Kwa nasaba hawajakosea sana, ingawa jambo hilo haliwahusu paka wa Lamu peke yao: paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Huko Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Kilichomvuta paka kwa binadamu ni panya wa ghalani, na ghala la nafaka na shehena ya jahazi havina tofauti kwa panya.

Paka wa mji wa Kiislamu ana sifa moja ambayo Mwingereza huchelewa kuielewa. Hana mwenyewe, na bado ana pa kula. Muuza samaki humrushia chake, bibi wa nyumba ya pili humwekea ukoko uliochanganywa na dagaa, na mwadhini humwachia kivuli cha ukumbi. Cairo waliliwekea jambo hili utaratibu. Edward Lane, Mwingereza aliyeishi huko katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kuwa Sultani Baybars, mtawala wa karne ya 13, alikuwa ameweka wakfu bustani kwa ajili ya paka wasio na makao. Bustani yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa mara nyingi, lakini jukumu halikuuzwa pamoja nayo. Kadhi ndiye aliyebaki na wajibu wa kuwalisha, na kila siku baada ya alasiri uwanja wa mahakama ulijaa paka waliokuja kuchukua posho yao ya matumbo ya nyama. Hebu tulifikirie hilo kwa utulivu: jaji wa mji anawajibika kwa chakula cha paka wa mitaani. Hapo hisia za mtu mmoja hazikutegemewa tena. Wakfu ulikuwa umeshasema.

Istanbul nayo inasifika kwa desturi hiyo. Paka mmoja aliyeitwa Gli aliishi ndani ya Hagia Sophia miaka mingi, lilipokuwa jumba la makumbusho na hata baada ya kurudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, na alipokufa mwezi Novemba mwaka huohuo habari zake zilitangazwa nchi nyingi.

Lakini desturi hii ina ufa, nao unaonekana mara tu paka anapougua. Paka wa wote, akiumwa, huwa si wa mtu. Yule aliyemrushia kichwa cha samaki jana leo anamwona ana matongo machoni, manyoya yamemtoka kwa ukurutu, naye anapita. Hakuna aliyejipa jukumu la kumpeleka kwa daktari. Jike huzaa, huzaa tena, na watoto wake huishia kwenye kiroba jalalani. Kuhasi wengi hukuogopa wakidhani ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, ingawa wapo wanazuoni walioruhusu pale penye manufaa na pasipo na madhara kwa mnyama. Linganisha na punda wa mji huohuo. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kituo Lamu, na wenye punda huwapeleka huko kutibiwa, kwa sababu kila punda ana mtu anayepata riziki kwa mgongo wake. Huruma ya kulisha ilitosha pale paka alipohitaji chakula tu. Ugonjwa unahitaji mtu mmoja anayetajika.

Sasa mbwa. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mila imesingiziwa mambo mengi isiyoyasema.

Kwanza, hukumu ya najisi si kauli ya Waislamu wote. Wafuasi wa Imamu Malik, ambao wamejaa Morocco, Senegal, Nigeria ya kaskazini na Sudan, humhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Kwao, kuosha chombo mara saba ni utii wa amri. Mojawapo ya hoja zao inatoka katika Sura ya Al-Maida, inayoruhusu kula windo lililoshikwa na mbwa aliyefunzwa, wala haikutaja kupaosha mahali meno yalipouma. Imepokewa pia katika Bukhari, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba enzi za Mtume mbwa walikuwa wakipitapita msikitini na watu hawakunyunyiza maji kwa ajili hiyo. Mbwa ametajwa katika Sura ya Al-Kahf, akiwa amenyoosha miguu yake mlangoni pamoja na Watu wa Pangoni. Baghdad iliwahi kuwa na mwandishi, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, ambaye kitabu chake kizima kinadai kuwa mbwa ni bora kuliko wengi wanaovaa nguo. Na katika nchi za Ghuba, Bedui hakumhesabu mbwa wake wa kuwindia, yule mwembamba aitwaye saluki, sawa na mbwa wa jalalani: alimlaza hemani.

Pili, hata ndani ya Ushafii wetu, najisi ni suala la kuosha. Maji na udongo ndiyo matokeo yote yaliyotajwa, nayo yanamhusu mwenye chombo. Hakuna mstari wa Safina unaompa mtoto ruhusa ya kumpiga mbwa jiwe. Kinyume chake, hadithi mashuhuri inamtaja mwanamke mzinzi wa Bani Israili aliyemwona mbwa akihema kwa kiu kando ya kisima, akavua kiatu, akakifunga kwa ushungi wake, akamtekea maji, naye akasamehewa dhambi zake. Sisi tunaisimulia hadithi hii kwenye mawaidha, watu wanatikisa vichwa, kisha tunatoka nje na mbwa wa mtaa hana hata kopo la maji.

Iko hadithi nyingine, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Pwani huitumia kumtetea paka tu, na naona tumeisoma nusu. Kosa lake limeelezwa kwa sehemu tatu: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Humo mna kanuni kamili. Ukimfunga mnyama, chakula chake na maji yake ni juu yako, usipoweza, mfungue. Kanuni hiyo inamfikia moja kwa moja mbwa wa geti. Nairobi na Dar es Salaam zimejaa mbwa wanaoshinda kwenye mnyororo wa mita mbili au ndani ya kibanda cha mabati, jua likiwaka, sufuria kavu, wakafunguliwa saa nne usiku wakalinde. Getini kuna kibao cha MBWA KALI. Mwenye nyumba anaona ametimiza kwa kumnunua. Kwa kanuni ile ya paka, yeye ndiye wa kuulizwa.

Zanzibar ilikuwa na jirani aliyemtazama mbwa kwa namna nyingine kabisa. Maparsi waliohamia kisiwani kutoka India, wafuasi wa dini ya kale ya Zarathustra, wana kitabu cha sheria, Vendidad, chenye mlango mzima kuhusu mbwa. Humo mtu anayempa mbwa wa mifugo au mbwa wa nyumba chakula kibaya amefanya dhambi inayopimwa kama vile amempa chakula hicho mwenye nyumba wa heshima. Katika maziko yao mbwa huletwa amtazame maiti. Mwezi Juni 1832, wakuu wa Kiingereza wa Bombay walipotoa malipo kwa kila mbwa wa mitaani anayeuawa, Maparsi waligoma na kufanya ghasia mjini kuwatetea. Kwa hiyo katika mitaa ileile ya Mji Mkongwe aliishi aliyeosha chombo mara saba kwa ajili ya mbwa na aliyemhesabia mbwa chakula chake kama deni la kidini, na waliuziana vitambaa na kupeana salamu. Mtoto mmoja wa jamaa hiyo ya Kiparsi, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na baadaye kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alikuwa mtu wa paka: albamu yake ya mwaka 1985 aliitabaruku kwa paka wake.

Bara, mbwa ni mfanyakazi. Katika misitu ya Ituri, Kongo ya kaskazini mashariki, wawindaji huenda na mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, mbwa ambao kwa kawaida hawabweki. Hufungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji awasikie ndani ya kichaka. Umasaini mbwa hulala na mifugo na hupiga kelele fisi anaposogea. Haki ya mbwa huyu ni fungu lake: matumbo na mifupa ya windo, makombo ya ugali, mahali pa kulala karibu na moto. Ni haki ya ujira, na mbwa asiyeweza tena kazi hana wa kumdai. Simlaumu sana mfugaji, kwa kuwa hata ng'ombe wake huugua na daktari wa mifugo yuko mbali. Ila naona tofauti: kwa mwenye kutegemea ujira, uzee wa mbwa ni hasara.

Mbwa hawa wa Kongo walifikishwa Uingereza. Jozi iliyoonyeshwa London mwaka 1895 ilikufa muda mfupi baadaye kwa distempa, maradhi ya mbwa wa Ulaya. Mwaka 1937 wengine wakaletwa, wakaishi, wakawa aina yenye kitabu cha nasaba. Mbwa wa kengele ya mti akawa mbwa wa maonyesho, mwenye daktari wake na cheti chake.

Huko alikofika, mnyama alikuwa ameshapewa haki kwa njia ya bunge. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kiliundwa London mwaka 1824, na Malkia Victoria akakipa jina la kifalme mwaka 1840. Sheria ya kwanza, ya 1822, iliwalinda ng'ombe, farasi na kondoo. Mbwa na wanyama wengine wa nyumbani wakaingizwa mwaka 1835. Mary Tealby alipofungua makao ya mbwa waliopotea mwaka 1860, magazeti yalimdhihaki kwamba anajali mbwa wakati watoto wanalala nje. Makao hayo yalihamia Battersea mwaka 1871, na yapo hadi leo. Ninachowasifia Waingereza ni kwamba hawakuiacha huruma moyoni, waliiandika. Siku hizi England mbwa lazima awe na alama ya kielektroniki chini ya ngozi tangu 2016, na paka tangu Juni 2024, ili mnyama akipatikana barabarani mwenyewe ajulikane.

Bei ya mfumo huo huilipa yule asiye na mwenyewe. Paka wa Lamu, anayekula nyumba saba bila kuwa wa nyumba yoyote, London hana nafasi: ni mpotevu wa kukamatwa, na asipopata wa kumchukua huenda akauawa. Uturuki imeyumba kati ya njia hizi mbili. Mwaka 1910 mbwa wa mitaani wa Istanbul walikusanywa kwa maelfu wakatupwa kwenye kisiwa kikavu cha Sivriada wafe kwa njaa na kiu. Mwaka 2004 sheria ikaamuru wakamatwe, wahasiwe, wachanjwe na kurudishwa walikotoka. Mwezi Julai 2024 sheria ikabadilishwa tena, waondolewe mitaani na kuwekwa kwenye vituo, na wananchi wengi wakaandamana kupinga. Kwangu, ile ya 2004 ndiyo iliyokaribia zaidi kuoanisha mambo mawili: mnyama abaki wa mtaa, na mtaa uwajibike kwa afya yake.

Afya ndiyo inayotutoa kwenye vitabu na kutupeleka makaburini. Kichaa cha mbwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu kila mara ugonjwa hutoka kwa mbwa. Mtoto anayemrushia mbwa koko mawe ndiye anayeumwa, na mbwa ambaye hakuna anayemgusa ndiye ambaye hakuna anayemchanja. Dharau yetu kwa mbwa inarudi nyumbani na meno. Wanyama pori hawakusalimika pia: mwaka 1994 distempa, iliyohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, ambayo ni kama simba 1,000. Ni maradhi yaleyale yaliyowamaliza mbwa wa Kongo London.

Sasa weka visiwa viwili sambamba. Uingereza iliondoa kichaa cha mbwa mwaka 1902 kwa kuwafunga mbwa midomo, kuwaua wa mitaani na kuzuia wanaoingizwa. Kikarudi mwaka 1918 pamoja na mbwa waliotoka vitani, kikaondolewa tena mwaka 1922. Pemba, kisiwa cha Waislamu wa Kishafii, kilikiondoa mwaka 2014 kwa chanjo ya mbwa ya kisiwa kizima. Chanjo ikalegea, mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia upya mara mbili, wakachanja tena, na kufikia Oktoba 2018 ulikuwa umekwisha. Watu waliosoma Safina walitoka majumbani wakawashika mbwa kwa kamba, wakawapeleka kwenye sindano, kisha wakanawa. Fikihi haikuvunjwa hata kidogo. Ushindi wa Pemba naupenda kuliko wa Uingereza, kwa sababu ulipatikana kwa kumhudumia mbwa.

Hesabu yake inaeleweka: wakichanjwa mbwa 70 kati ya 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Sheria pia ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kinachokosekana ni mtu wa kila mtaa anayejua ni mbwa wangapi na paka wangapi wanaokula hapo. Msikiti unaweza kuwa na mtu huyo. Baraza la wazee linaweza. Wakfu wa Baybars ulilisha paka wa Cairo karne nyingi baada ya mwenyewe kufa. Wakfu mdogo wa leo unaweza kulipia chanjo na kuhasi kwa mtaa mzima.

Nawaomba wasomaji, kwanza walimu wa madrasa, mnapofundisha mlango wa maji muisome na hadithi ya mbwa mwenye kiu siku hiyohiyo, watoto wasiondoke na nusu. Mwenye mbwa, mpe maji kivulini, mfungue atembee, mpe dawa ya minyoo, umpeleke achanjwe kila mwaka. Na paka mchukue pia, kwenye kapu. Anayelisha paka wa baraza, chagua mmoja ambaye ugonjwa wake utakuwa wako. Na yeyote atakayeng'atwa, hata kama jeraha ni dogo, alioshe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata sindano, kwa kuwa dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.